Kukumbuka na Kushtuka: Dhima ya Hipokampasi na Amigdala

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kitenzi kilichoteuliwa humu ni hushtuka, wala si hukumbuka. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya kimaana ina msingi katika maumbile ya ubongo: kulikumbuka tukio na kuliogopa ni kazi zinazotegemea viungo viwili tofauti.

2.0 Viungo Viwili

Ndani ya ubongo, usawa wa kila sikio, mna hipokampasi, na mbele yake amigdala. Majina yote mawili yana asili ya Kigiriki: la kwanza humrejelea farasi wa bahari, kwa sababu ya umbo lililopinda, la pili lina maana ya lozi.

Dhima ya hipokampasi ilibainika kutokana na Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953, Molaison alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimwondolea sehemu kubwa ya viungo hivyo, pande zote mbili, ili kumtibu kifafa. Mwaka 1957, Scoville na Brenda Milner walieleza kwamba mgonjwa huyo alibaki na akili timamu, lakini hakuweza kuhifadhi kumbukumbu za matukio mapya. Hata hivyo, Milner aligundua kwamba aliweza kujifunza kuchora nyota kwa kuitazama katika kioo. Mkono wake ulizidi kuwa stadi siku hadi siku, ilhali mwenyewe hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo. Hivyo basi, kumbukumbu si kitu kimoja.

3.0 Ushahidi wa Mwaka 1995

Antoine Bechara na wenzake waliwaonyesha wagonjwa watatu picha za rangi mbalimbali, baadhi zikiandamana na mlio mkali wa honi, huku mabadiliko ya jasho la ngozi yakipimwa. Mgonjwa aliyeharibikiwa amigdala alishtushwa na honi yenyewe, na aliweza kutaja rangi iliyoandamana nayo. Lakini rangi hiyo ilipotokea peke yake, ngozi yake haikuonyesha dalili ya hofu. Aliyeharibikiwa hipokampasi alikuwa kinyume chake: ngozi ilionyesha hofu, bali mwenyewe hakuweza kueleza rangi hizo zilihusianaje na honi. Wa tatu, aliyeharibikiwa viungo vyote viwili, hakuwa na hofu wala maelezo. Kwa lugha ya methali, wa kwanza alimjua nyoka asishtuke. Wa pili alishtushwa na unyasi asijue sababu.

4.0 Hitimisho

Kwa mtu mwenye afya, viungo hivi hushirikiana. Amigdala huimarisha uhifadhi wa tukio lenye hisia kali, na ndiyo maana siku ya msiba hukumbukwa kuliko siku za kawaida. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti wa masimulizi simulizi. Ufasaha wa msimulizi si kipimo cha jinsi tukio lilivyomgusa, wala kimya chake si ushahidi kwamba hakuguswa.