Taa ya nyuma ikikataa kuwaka

Madereva wengi, taa ya nyuma ikizimika, hukimbilia kununua ampuli mpya. Ni haraka isiyo na faida. Kwanza kanyageni breki, mwenzenu akitazama nyuma: taa ya kuonyesha kona ikimulika hafifu pamoja nayo, basi umeme umekosa njia ya kurudi katika batri, nao unapitia taa jirani. Kosa li katika masi, ule waya ufungwao katika chuma cha gari. Mara nyingi kutu imeingia hapo. Unganisheni taa na chuma kisafi kwa waya mwingine; ikiwaka vema, kwangueni kutu, kazeni skrubu. Fyuzi ikikatika kila mara, tafuteni waya uliochubuka, hasa unapopita katika tundu la bati. Wala msitie waya mnene mahali pa fyuzi: nyaya zaweza kuwaka moto, na watoto wamo garini.