Malalamiko ya Mkulima, kutoka Nakivale hadi Mbarara



Ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi huko Nakivale. Mwenye shamba ni mkimbizi. Mwenye mifugo ni raia wa kijiji jirani. Kabla jua halijatua mmoja wao atafika kituoni, na namna atakavyopokewa ndiyo itakayoamua kama shauri litabaki la mahindi au litageuka kuwa la mapanga.

Makazi hayo yalianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 humruhusu mkimbizi kulima kipande alichogawiwa, lakini hana ruhusa ya kukiuza wala kukipangisha. Mpaka ukibishaniwa, hana hati ya umilikaji ya kuonyesha.

Raia anayo ngazi yake. Huanzia baraza la kijiji, akaenda muluka, kisha gombolola, na kutoka hapo rufaa humfikia Hakimu Mkuu. Mkimbizi naye ana baraza lake la ustawi, na juu yake Mkuu wa Makazi aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ngazi hizi mbili zimesimama kando kando, na hapo ndipo malalamiko mengi hupotea. Dawa iliyo karibu ni viongozi wa mabaraza yote mawili kukutana shambani penyewe, miguu juu ya mpaka. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi mjini Mbarara, naam, lakini nauli ya kufika huko si jambo dogo kwa mtu ambaye mahindi yake yameliwa.

Polisi hana kazi ya kukata mpaka. Kazi yake ni kuandika shauri kitabuni, kuchunguza kama pana jinai, na kumpa mlalamikaji namba ya kumbukumbu bila malipo. Ama askari wa jeshi aliye likizoni, akimsindikiza mjomba wake mwenye ng'ombe hali amevaa sare, amekwisha kuhukumu kabla ya baraza kuketi. Abaki nyumbani. Mkulima aliyepewa namba yake atakuwa na kitu cha kuonyesha barazani kesho asubuhi.