Lishe Si Upishi Tu

Wazazi wengine wa hapa Mwera hutuambia, "Sista, kupika atafundishwa na bibi yake, shuleni akasome sayansi." Lakini Lishe ni sayansi. Kidato cha tano na cha sita husomwa pamoja na Kemia na Baiolojia, mchepuo uitwao CBN, na anayefaulu aweza kuomba shahada ya lishe Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Tutazame kisamvu. Kina madini ya chuma, ambayo mwili hutengenezea damu. Wataalamu wa Marekani hukadiria kuwa msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, kwa sababu ya hedhi, mvulana 11. Basi binti anakula kisamvu, papo hapo anateremshia chai ya rangi. Chai huyashika madini yale tumboni, mengi yakatoka na choo. Angekamulia ndimu, au akala chungwa la Muheza, vitamini C ingeyasaidia kuingia mwilini. Chai ingesubiri saa moja hivi. (Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, kibichi kina sumu. Hilo bibi analijua. Sababu yake ndiyo kemia.)

Sisi wauguzi tunawapokea mabinti hao viganja vimekuwa vyeupe. Wengine huja wajawazito, damu iko chini, na kujifungua hapo ni hatari. Vidonge tunatoa, ila sufuria iko nyumbani.

Wavulana nao wasome, maana kesho ndio watakaotoa fedha za sokoni. Fomu ya kuchagua mchepuo hujazwa kidato cha nne. Ulizeni mapema, si kila shule ina somo hili.