Flashi ya bei nafuu: angalia haya kabla ya kutoa pesa

Agosti na Disemba simu za wapiga picha wa Mombasa hulia kutoka bara. Wakamba ni majirani zetu wa miaka mingi. Misafara yao ya biashara ilikuwa ikishuka hadi pwani katika karne ya 19, na leo wako Changamwe, Mikindani na Likoni, wamezaa na kujenga. Lakini shughuli kubwa ikifika, mtu hurudi kwao. Harusi hufungwa Wote au Mwingi, ntheo hupelekwa kijijini kwa mbuzi wake, na mpiga picha aliyezoeleka Mombasa huambiwa apande gari pamoja na familia.

Nimekuwa nikizifanya safari hizo, Makueni kwa njia ya Emali, na Kitui kwa kukata kulia Kibwezi na kushika lami ya Mutomo. Vijana wanaoanza kazi huniuliza swali moja kuliko yote: ninunue flashi gani isiyo ya kampuni ya kamera yangu, maana ile ya kampuni siiwezi? Jibu langu huwa si jina la flashi. Kwanza ijue kamera yako, kisha ijue kazi unayokwenda kufanya. Flashi rahisi inayoelewana na viwili hivyo ni mali. Isiyoelewana navyo ni uzito tu begini, na harusi ya watu hairudiwi.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo inayotupeleka kwenye flashi hizi. Canon 600EX II-RT ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa Marekani karibu dola 580. Godox TT600, flashi ya kurekebishwa kwa mkono, imekuwa ikipatikana huko kwa chini ya dola 100. Godox ni kampuni ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Yongnuo inatoka mji huo huo. Mwanga wa flashi hizi ni mwanga kama mwingine, na bwana harusi hataona tofauti. Unachokikosa kwa kulipa kidogo ni uhakika wa mazungumzo kati ya flashi na kamera. Makampuni ya kamera hayawapi wengine siri ya lugha yao. Hawa wengine huisoma kwa kupekuapekua, na kamera mpya ikija na lugha iliyobadilika kidogo, flashi ya jana inaweza kunyamaza.

Mguu na kiatu

Juu ya kamera pana kiatu cha chuma panapochomekwa flashi. Ukikitazama vizuri utaona vidoto vya shaba. Kile kikubwa cha katikati ndicho kinachotoa amri ya kuwaka. Kwa miaka mingi karibu kila kamera ilikuwa nacho, ndiyo maana flashi ya mkono ya bei ya chini iliweza kuwaka juu ya kamera ya kampuni yoyote.

Mwaka 2018 Canon ilitoa kamera mbili za wanaoanza, 2000D na 4000D, bila kidoto hicho, na mwaka 2019 ikafuata 250D. Marekani na Asia kamera hizo zina majina mengine, kama Rebel T7, 1500D, 3000D na 200D II. Na kamera hizi ndizo kijana mwenye akiba ndogo anazozikimbilia. Ukipachika TT600 au Yongnuo YN560 juu yake, haitawaka. Flashi si mbovu wala kamera si mbovu. Amri haina pa kupitia.

Ukiwa na kamera ya aina hiyo una njia mbili. Ya kwanza ni kununua flashi ya TTL iliyotengenezwa kwa Canon, ambayo muuzaji anakuthibitishia mbele ya macho yako kwamba programu yake inaitambua kamera hiyo. Ya pili ni ya aliyekwisha nunua flashi ya mkono. Iweke pembeni juu ya kigingi chake, iweke kwenye hali ya S2, kisha ipandishe taa ndogo ya kamera. Flashi ya pembeni itauona mwanga huo na kuwaka nao. Ndani ya chumba hufanya kazi vizuri. Nje kwenye jua la Kitui usiitegemee, kwa sababu jua huufunika ule mwanga mdogo.

Wenye Sony nao wana lao. Tangu mwaka 2012 kampuni hiyo inatumia kiatu chenye vidoto vidogo vilivyofichika mbele, na zamani ilikuwa na kiatu cha umbo tofauti kabisa. Kwa hiyo flashi za Godox huandikwa herufi mwishoni: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony. TT685C na TT685N kwa nje ni pacha, lakini moja haizungumzi na kamera ya mwenziwe. Soma herufi kwenye flashi yenyewe, si kwenye boksi tu.

Kichwa kinachogeuka

Flashi inayotazama mbele tu haina faida kubwa kuliko ile taa iliyozaliwa na kamera. Nyuso zitang'aa kama zimepakwa mafuta na kivuli cheusi kitasimama ukutani nyuma ya kila mtu. Nunua ambayo kichwa chake kinapanda juu na kuzunguka kushoto na kulia, ili uurushe mwanga kwenye dari au ukuta nao urudi kwa upole.

Ila ukifika Ukambani dari yenyewe huwa ni tabu. Makanisa mengi ya vijijini yana mabati juu bila dari. Paa liko mbali, na mwanga ukipanda hadi huko haurudi na nguvu. Tafuta ukuta mweupe wa karibu. Karamu nazo hufanywa chini ya mahema, na hema la kijani likirudishiwa mwanga litampaka bi harusi kijani kuanzia shela hadi viatu. Hapo usirushe juu. Vuta kile kikaratasi cheupe kilichofichwa kichwani mwa flashi, au waombe vijana wawili washike shuka jeupe pembeni nawe upige humo. Shuka halikugharimu kitu, na picha itakuwa na rangi ya watu.

Namba kubwa kwenye boksi

Flashi huuzwa kwa namba ya nguvu: 58, 60 na kuendelea. Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya namba hiyo kwa tundu la lenzi, upate mita ambazo mwanga utafika kwa ISO 100. Namba 32 ukiwa f/4 inakupa mita 8. Ukipandisha ISO hadi 400, umbali unakuwa mara mbili.

Lakini ile 60 ya TT600 au TT685 imepimwa zumu ya flashi ikiwa mwisho, milimita 200, mwanga umekusanywa kama wa tochi. Ukiwa na lenzi ya kawaida ya 35 kwa kupiga kundi, mwanga lazima utawanyike na namba inashuka sana, karibu nusu. Kwa hiyo usilinganishe flashi mbili kwa namba ya boksi kabla hujauliza kila moja imepimwa kwenye zumu gani.

Otomatiki au mkono

TTL maana yake kamera inapima yenyewe. Flashi hutoa mwali mdogo kwanza, kamera inausoma kupitia lenzi, kisha inaamrisha mwanga kamili, yote kwa kufumba na kufumbua. Flashi ya mkono haipimi kitu. Wewe ndiye unayesema robo, nusu au yote.

Kwa picha za kusimama, watu wamepangwa na umbali haubadiliki, mkono unatosha na unakufundisha kazi. Kwa ntheo ni mambo mengine. Mara mbuzi wanaingizwa uani, mara wazee wanatoka nyumbani, mara kina mama wanakujia wakicheza kutoka mita kumi hadi mbili. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukiwa unazungusha vitufe, tukio limepita. Kama shughuli za namna hii ndizo riziki yako, jinyime uongeze pesa upate TTL.

Hata hivyo TTL nayo hudanganyika. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi wa bi harusi unazama. Pandisha nguvu ya flashi kidogo. Suti nyeusi hufanya kinyume chake. Ngozi za watu wetu zinastahili kuonekana kwa rangi yake, si kama mkaa wala si kama majivu.

Jua la saa saba

Watu hushangaa ukiwasha flashi mchana, lakini ndipo inapohitajika zaidi. Familia huomba picha chini ya mwembe, na Makueni miembe si haba. Nyuma ni jua kali, chini ya majani ni kivuli, na macho yote yamegeuka mashimo meusi.

Kamera nyingi za bei ya chini hazikubali flashi ya kawaida kupita kasi ya sekunde 1/200. Ukipita hapo kwa flashi ya mkono, upande mmoja wa picha unatoka mweusi. Kwa ISO 100 na kasi hiyo, jua kali linakulazimisha kufika f/11. Sasa rudi kwenye hesabu: namba 30 ukigawa kwa 11 ni chini ya mita 3. Maharusi wawili utawaweza. Ukoo mzima wa watu arobaini hutauweza. Wapange wote ndani ya kivuli, na kiwanja cha nyuma kiwe kivuli vilevile.

Ziko flashi zenye HSS, zinazowaka mfululizo ili kasi ipande zaidi ya 1/200. Inakusaidia kufungua lenzi na kufifisha nyuma, lakini inakula nguvu nyingi. TT600 haitoi HSS ikiwa juu ya kamera. Inaitoa ikiwa mbali tu, kwa triga ya redio ya Godox. TT685 inaitoa hata ikiwa juu ya kamera.

Betri na joto

Flashi nyingi za bei nafuu hutumia betri nne za AA. Godox inataja takriban miwako 230 ya nguvu kamili kwa TT600, na takriban 650 kwa V860II yenye betri yake ya lithiamu. Shughuli inayoanza kanisani saa nne na kwisha usiku haitoshelezwi na seti moja. Beba seti tatu za betri za kuchaji, zitie alama, usichanganye mpya na kuukuu. Betri za kawaida za dukani zitakuokoa siku moja, lakini huchelewa kuijaza flashi tena kila zinavyochoka, na ukizinunua kila wiki utakuwa umelipa flashi nyingine.

Joto nalo huichosha flashi. Ukipiga nguvu kamili mfululizo, flashi hujizima ili isiungue. Piga kwa robo, pandisha ISO, nayo itadumu.

Dukani

Jihadhari na flashi kuukuu za enzi za filamu zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi, kama Vivitar 283 za mwanzo, zimepimwa zikirudisha zaidi ya volti 200 kwenye kiatu. Kamera ya kidijitali isiyojengewa kuhimili hayo inaweza kuungua.

Nenda na kamera yako mwenyewe na betri zako zilizojaa. Chomeka, piga picha kumi kwa haraka, tazama kama zote zimepata mwanga. Zungusha kichwa, usikilize kama kimelegea. Jaribu nguvu kamili uhesabu sekunde hadi taa ya utayari iwake tena. Kama ni ya TTL, piga mtu wa karibu kisha wa mbali bila kugusa kitu. Angalia kama ina tundu la USB la kuongezea programu mpya, kwa maana hilo ndilo litakaloiokoa ukibadilisha kamera. Chukua risiti na dhamana iliyoandikwa. Muuzaji asiyekubali ujaribu, muache na flashi yake.

Ukiniuliza kwa mfuko, nitasema hivi. Mwenye kidogo sana, na kamera yenye kidoto cha katikati, achukue flashi ya mkono yenye kichwa kinachogeuka na redio ndani yake, maana baadaye itakuwa taa yake ya pili. Mwenye kamera isiyo na kidoto, au anayeishi kwa shughuli za watu kutembea na kucheza, asubiri mwezi mmoja zaidi anunue ya TTL yenye herufi ya kamera yake. Mwenye kazi kila Jumamosi, betri ya lithiamu itamlipa. Na vyovyote itakavyokuwa, itumie wiki mbili nyumbani, upige watoto na majirani mchana na usiku, kabla hujapokea rubuni ya mtu anayekungoja Mutomo.