Kichwa Kinapouma Upande Mmoja

Kuna kuumwa kichwa ambako hakutoki kwa malaria wala kwa jua kali. Kichwa kinapiga upande mmoja kama ngoma, mgonjwa anatapika, anachukia mwanga, anataka kulala gizani. Huu ni ugonjwa wa kipandauso. Wengine wanauita migreni. Watu husema, "Amerogwa." Sivyo. Tazama yanayotokea ndani.

Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Lakini ngozi nyembamba inayoufunika ina nyuzi nyingi za mshipa wa fahamu. Nyuzi hizo zikiamshwa, ncha zilizo katika ngozi ile humwaga kitu kiitwacho CGRP, nacho hutanua mishipa ya damu. Ncha za upande wa pili, karibu na uti wa mgongo, humwaga glutamati, nayo hupeleka habari mbele: Kuna maumivu!

Ni nini kinachozuia kumwaga huku? Ni serotonini, ambayo Rapport, Green na Page waliitoa katika damu huko Cleveland, Marekani, mwaka 1948. Nyuzi za maumivu zina vipokezi vyake, kama kufuli zinazongoja ufunguo. Serotonini ikiingia katika kipokezi cha 1D, milango ya kalsiamu katika ncha ya uzi hufungwa. Kalsiamu ikikosa kuingia, vifuko vidogo havimwagi kitu, na habari hupungua. Lakini ukijikata kwa panga, chembe zinazogandisha damu humwaga serotonini ile ile penye kidonda. Huko huingia katika kipokezi cha 3, na uzi unaamka! Ufunguo mmoja, kufuli mbalimbali.

Kwa hiyo ilitafutwa dawa inayoingia hasa katika kufuli za 1B na 1D. Sumatriptani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, ndiyo ya kwanza. Imezwe mapema, maumivu yakianza tu. Lakini kufuli za 1B zimo pia katika mishipa ya moyo, na dawa huikaza. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyepata kupooza, au mwenye shinikizo la damu lisilotulizwa, asiimeze kabisa. Usikubali kidonge cha jirani; mwulize munganga. Tena, anayeimeza siku 10 au zaidi kila mwezi anaweza kuumwa kichwa kwa ajili ya dawa yenyewe.

Kama kuna homa na shingo inakazika, hiyo si migreni. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata usiku.