KWA NINI MAKTABA HUONDOA VITABU?

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo huko Mbagala alikuja siku moja na kitabu cha afya. Alikuwa amekisoma chote mwenyewe, bila kusaidiwa. Akatusomea kwa sauti: mtoto akishikwa na malaria apewe klorokwini.

Nilinyamaza kidogo. Mama alisoma sawasawa. Kilichokosea ni kitabu. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, dawa haiviui tena. Tangu mwisho wa mwaka 2006 tunatumia dawa mseto. Kitabu cha mama kilipigwa chapa kabla ya hayo yote.

Hapo ndipo utaona kazi ya mkutubi. Wengi hudhani kazi yake ni kukaa mezani na kugonga muhuri. Sivyo. Mkutubi anatunza rafu kama mkulima anavyotunza shamba: anapanda, anapalilia, na mengine anang'oa.

Kwanza anachagua. Fedha haitoshi kununua kila kitabu, kwa hiyo anajiuliza: watu wa hapa wanafanya nini? Kimbiji watu wanavua samaki. Ukiwaletea vitabu vya kilimo cha kahawa, nani atavigusa? Tena mkutubi hawezi kujua haja yako usipomwambia. Ukikosa kitabu cha kufuga kuku, usiondoke kimya, mwambie aandike ombi lako.

Kitabu kikifika hupewa namba. Vya afya hukaa penye 610, vya kilimo na ufugaji 630. Ukishajua namba hizo hutapotea.

Halafu kuna kutunza. Hapa pwani adui ni unyevu na mchwa. Kitabu kikibanwa ukutani kinaota ukungu. (Na sisi wasomaji tunaolowesha kidole kwa mate tunasaidia kuharibu.)

Kuondoa ndiyo kazi ngumu. Mkutubi huangalia karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani: je, kitabu kinaazimwa, au kimelala miaka mingi? Huangalia kama kurasa zimechanika. Zaidi, huangalia mwaka. Kitabu cha uraia cha mwaka 2010 kitakwambia mkoa wa Dar es Salaam una wilaya 3: Ilala, Kinondoni na Temeke. Leo ziko 5, maana Ubungo na Kigamboni nazo ni wilaya. Lakini hadithi za Shaaban Robert haziondolewi kwa uzee. Nakala ikichakaa, inatafutwa nyingine.

Watu wengine hukasirika wakiona vitabu vinatolewa. Nawaelewa, sisi tuliokosa vitabu utotoni hatupendi kuona hata kimoja kikiachwa. Lakini kwa sheria, wachapishaji hupeleka nakala za vitabu vyao Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Huko vya zamani huwekwa kwa watafiti. Rafu ya kuazima ni ya mtu mwenye mtoto mgonjwa usiku huu.

Basi tulifungua kile kitabu cha mama, ukurasa unaofuata ule wa jina la kitabu. Mwaka ulikuwepo, kwa herufi ndogo sana: 1988. Mama akacheka, akachukua kalamu, akauandika kwa tarakimu kubwa juu ya jalada.