Dhahabu Iletwayo na Maji ya Moto

Katika kisiwa cha Lihir, nchi ya Papua New Guinea, dhahabu huchimbwa ndani ya mlima wa volkano uitwao Luise. Zamani sana kilele chake kiliporomoka, na upande mmoja ukafunguka baharini. Uzito ulipopungua, maji ya moto yaliyokuwa chini yalichemka ghafula. Dhahabu iliyoyeyuka ndani yake ikatengana nayo, ikakaa katika nyufa za mawe.

Kazi hiyo haijakoma. Mwaka 2006 wataalamu Simmons na Brown walieleza kwamba tani moja ya maji hayo ina miligramu 15 tu za dhahabu, lakini kwa mwaka hupandisha kilo 24 hivi. Kwa mwendo huo, tani 1,300 za mahali hapo zingeweza kukusanyika kwa miaka 55,000.

Wachimbaji hulazimika kutoboa visima ili mvuke utoke, wasije wakaungua. Mwaka 2003 mvuke huo ulianza kuendesha mtambo wa umeme.

Lakini si kila penye mvuke pana dhahabu. Olkaria, karibu na Naivasha, imetoa umeme tangu 1981, wala si dhahabu. Basi mkulima aonaye mvuke shambani asiuze ng'ombe wake kununua sururu.